Wifi Ndani ya Kizimba

Shemeji yangu Mahamudi hakuibiwa mara nyingi kuliko watu wengine wa Goma. Aliibiwa kama sisi sote. Tofauti ni kwamba sisi tulilia, tukalaani, tukanunua masufuria mengine, naye akanunua kufuli.

Mimi ni Alima, mdogo wake mkewe. Jiko la nyumba yake ya wageni pale Himbi liko mikononi mwangu, isipokuwa chumvi. Chumvi iko mikononi mwake. Kila asubuhi napiga hodi ofisini, anachagua ufunguo kwenye ule mkungu wa funguo anaoubeba kiunoni, anafungua kabati, ananipimia chumvi ya siku hiyo kwa kijiko huku akinitazama usoni. Akisujudu msikitini, mstari mzima unasikia funguo.

Si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mbele huko nitamsema sana. Ukoo wao ulitoka Kasongo na biashara ya vitenge, yeye akazaliwa Mabanga, akajifunza kuuza kabla hajajua kusoma. Duka lake la kwanza katikati ya mji lilifunikwa na volkano, likabaki jiwe. La pili, vita vilipita, na vilipokwisha kupita watu wakaingia kwa bati la juu wakabeba hadi rafu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi wote tunashtuka. Lakini shemeji alifika mahali pa kuukamata ung'ongo wenyewe na kuufunga mnyororo.

Ndivyo alivyoijenga nyumba ya wageni. Kuta ni za mawe meusi ya volkano, nene, za kuzuia risasi na majirani. Friza ina mnyororo. Jenereta ina kizimba cha chuma, na chupa ya gesi vilevile. Televisheni ya ukumbini iko nyuma ya nondo, wageni wanatazama mpira vipande vipande, na mara nyingi bao linaingia palipo na nondo. Wakilalamika, shemeji anawaambia wasogeze viti.

Mtandao nao, siku hizo, ulikuwa boksi moja dogo ndani ya kabati la ofisi yake, limefungwa kwa ufunguo. Mgeni aliyetaka kupeleka ujumbe alikuja kusimama kwenye korido, mbele ya mlango wa ofisi, mkono juu kama anayeapa. Shemeji aliipenda sana hali hiyo. Kila mtu alipita kumsalimia, naye akadhani wanampenda.

Sasa, ana binti mmoja, Asma. Asma alisomea mambo ya kompyuta Bukavu, akarudi na diploma na ulimi mfupi. Hazungumzi sana. Alichotaka katika dunia hii ni kitu kimoja tu, kuiendesha nyumba ile. Si kuolewa kwanza, si kwenda Kampala kama wenzake. Alitaka kukaa kwenye kile kiti cha mapokezi na kuifanya nyumba ya baba yake iwe nyumba ambayo watu wanarudi kwa hiari yao.

Mwenzake katika kinyang'anyiro alikuwa Ismael, mtoto wa kaka yake shemeji, kijana wa tai na manukato, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mkubwa neno lingine ila ndiyo. Ungemwambia Ismael kwamba ziwa limehamia mlimani, angekuuliza kama akuletee mashua huko.

Siku ya Idi, mbele ya wajomba wote, sahani za pilau zikiwa bado mezani, shemeji alitoa ahadi. Kulikuwa na shirika moja lililotafuta ukumbi wa kufanyia semina zake za mwaka mzima. Kama shirika lile litachagua nyumba yetu, alisema, Asma ataishika nyumba. La sivyo, ataishika Ismael, na Asma atafute kazi kwingine. Wajomba wakasema amina. Ismael akasema ndiyo.

Mwanamke aliyelitafutia shirika lile kumbi aliitwa Bénédicte. Alikuja, akakagua vyoo, akaonja sambaza zangu, vile visamaki vya ziwani, akaonja tena, kisha akaketi na Asma.

"Salle iko muzuri, chakula iko muzuri sana," alisema, akiutazama ukumbi wetu. "Lakini tuko na watu sitini, na kila mutu anajaza kazi yake kwa tablette. Wote pamoja, saa moja. Bila connexion hakuna contrat. Nitarudi Ijumaa ya wiki ingine, mukimaliza sala, tupime."

Asma akamwambia sawa. Kesho yake akamchukua baba yake wakaenda mjini, nami nikafuata kwa kuwa nilihitaji vitunguu na kwa kuwa nilijua kutakuwa na mchezo.

Ntirenganya ana duka la vifaa vya mtandao katikati ya mji, na anamjua shemeji tangu enzi za vitenge. Alipomwona tu, akashusha kutoka rafu ya juu dude jeusi lenye antena nane, kama buibui aliyekufa chali. Niliona macho ya shemeji. Namna ile hakuwahi kumtazama dada yangu.

"Papa Mahamudi, hii njo ya mwisho," Ntirenganya alisema. "Antenne munane. Inafika mupaka Gisenyi."

"Sina mugeni kwa Gisenyi," Asma alisema. "Inabeba watu wangapi mara moja?"

"Wote!"

Shemeji alikuwa ameshaanza kuzihesabu antena kwa kidole, akizigusa moja moja. "Asma, mama yangu, angalia mapembe. Hii tutaiweka ofisini, kwa biro yangu, itapiga nyumba yote."

Asma alivuta pumzi. Ana subira ya mama yake, na hiyo si subira ya kawaida. Mama yake ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo. "Papa, nakubali, iko na sauti kubwa. Imamu akiwa na haut-parleur, mutaa muzima unamusikia. Lakini muzee mwenye kukaa kule mwisho wa mutaa akimujibu, imamu atasikia?"

"Ju ya nini amujibu imamu? Asikilize tu."

"Telefone inapaswa kujibu, papa. Na telefone haina haut-parleur. Iko na sauti ndogo, na katikati kuko kuta zetu tatu za mawe. Njo maana tunahitaji ndogo ndogo, karibu na watu. Mbili ndani ya salle, kwa sababu watu njo watajaa pale, moja kwa korido ya vyumba, moja kwa barza ya nyuma. Kila moja inaongea polepole na watu wake."

Akamwomba Ntirenganya vile vinavyobandikwa darini. Vikatolewa. Vilikuwa vyeupe, bapa, vya mviringo, na tangu siku hiyo mimi naviita visahani. Asma alivichunguza kama mimi ninavyochunguza samaki sokoni. Aliuliza kila kimoja kinahimili watu wangapi wakiwa kazini kweli, si wakiwa wamelala. Aliuliza kama mtu akitoka ukumbini kwenda barazani simu yake itapokewa na kisahani kingine bila kukatika. Akataka vile vinavyopata umeme ndani ya waya uleule wa mtandao, ili betri moja ofisini ivilishe vyote umeme ukikatika, na Goma umeme ukikatika hauagi.

Shemeji alikigeuza kisahani juu chini. "Mapembe iko wapi?"

"Iko ndani, papa."

"Nani aliona?"

Hakuna aliyekuwa ameona. Lakini ahadi ya Idi ilikuwa imetolewa mbele ya wajomba, na wajomba wana kawaida ya kuuliza. Vikanunuliwa visahani. Kilichomtuliza kidogo ni ile betri, kwa sababu itakaa ofisini na ofisi ina mlango. Njiani kurudi aliniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani Ntirenganya atamwekea lile dude la antena asije akaliuza kwa mwingine.

Asma alipanda ngazi mwenyewe, mimi nikaishika. Alitoboa dari, akapitisha waya, akabandika kisahani kimoja baada ya kingine, akashuka, akatembea nyumba nzima na simu mkononi akitazama namba zinapanda na kushuka. Kisahani cha korido alikihamisha mara tatu mpaka akaridhika. Mimi akanifungia ndani ya stoo ya mchele, akaniambia nimpigie mtu kwa video. Nikampigia rafiki yangu wa Katoyi. Niliiona pua yake vizuri kuliko nilivyotaka.

Siku hiyo, nawaambieni, nilimwonea fahari mtoto yule. Wageni walikaa vyumbani mwao wakaongea na nyumbani kwao. Korido ikawa tupu. Shemeji alifungua mlango wa ofisi akachungulia, akaufunga, akafungua tena. Hakuna aliyekuja kumsalimia.

Kisha shangazi yetu akafariki Bukavu. Dada yangu Mwasiti na Asma wakapanda boti kwenda msibani, nami nikabaki na jiko, na shemeji akabaki na visahani.

Mwanzo alivitazama tu. Alileta kiti ukumbini, akaketi chini ya kimojawapo, mikono magotini. Kila kisahani kina kitaa kidogo cha bluu kinachoonyesha kwamba kinafanya kazi. Alikitazama kitaa kile mpaka chai yake ikapoa.

"Shemeji," akaniita. "Unaona hii taa? Inaita mwizi. Inamwambia, kuya, niko huku."

"Mwizi gani atapanda dari ya ukumbi wenye watu?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akamtazama mzee mmoja wa Butembo aliyekuwa akinywa uji wake kwa amani.

Kesho yake aliingia Jean de Dieu, fundi wa kuunga vyuma kutoka Katoyi. Jean de Dieu ndiye aliyetengeneza vizimba vyote vya nyumba ile, na vya majirani, na vya nusu ya mji. Watoto wake wanasoma kwa woga wetu. Alipima visahani kwa futi yake, akauliza mlango wa kizimba ukae upande gani.

"Hapana mulango," shemeji alisema. "Kukiwa mulango kutakuwa kufuli, na kufuli wanakata."

Jean de Dieu, ambaye ameona mengi, aliandika hivyo bila kucheka. Vizimba vikaja: pembeni bati, chini wavu wa chuma wenye matundu madogo kiasi kwamba kidole hakipenyi. Alivipigilia darini kwa bolti, akazichomelea zile bolti zenyewe zisifunguke. Mimi sijui mambo ya mawimbi. Nilijua tu kwamba Asma hakuviacha visahani wazi kwa kusahau, nikamwambia shemeji hivyo. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa jikoni. Nikamjibu kwamba basi chumvi yake ailambe mwenyewe, na siku ile wageni walikula sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi, na hawakuwa na kosa lolote.

Ismael alipopita kusalimia, akainua macho darini. "Papa, kazi ya nguvu," akasema. "Inaonyesha maison iko sérieuse."

Mtandao ulikufa alasiri ileile. Wageni wakarudi kwenye korido, mikono juu, wakizunguka huku na huku kwa sababu lile boksi la ofisini Asma alilizima alipoweka visahani, na sasa hata huko hapakuwa na kitu. Nilimwambia shemeji. Alisema ni mvua. Hakukuwa na mvua. Alisema basi ni mvua ya Bukavu.

Asma aliteremka kwenye boti asubuhi ya Ijumaa ileile ya Bénédicte, akamwacha mama yake msibani. Aliingia ukumbini na begi begani, akasimama. Nilikuwa nafuta meza. Alitazama juu, akatoa simu, akaitazama, akatazama juu tena. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu.

"Papa," aliita.

Shemeji alikuja anatabasamu, kanzu nyeupe ya Ijumaa, funguo zikilia. Alidhani atashukuriwa.

"Papa, hii wavu inazuia connexion. Chuma inaikamata, haitoke."

"Connexion ni kama hewa, mama. Kuku iko ndani ya kizimba na anapumua. Ulishaona kuku amekufa juu ya kukosa hewa?"

"Haiko hewa."

"Basi ni nini?"

Nenda ukamweleze mtu aliyepoteza maduka mawili kwamba kuna kitu kisichoonekana ambacho ukikilinda kinakufa. "Papa, tuviondoe leo tu," Asma alisema. "Bénédicte anakuja kisha sala. Leo tu."

"Na kesho watasema tuache wazi tena. Asma, mi nilijenga hii nyumba na hii mikono. Kitu haikae uchi kwa nyumba yangu." Akamshika bega kwa upendo, kweli ulikuwa upendo, akaenda msikitini.

Asma alimpigia Jean de Dieu. Alifika na mashine yake kwenye pikipiki, akaona vizimba vyake, akaelewa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mi njo nilisoude, niliunga na hii mikono, na mi tena nikate? Papa yako atanikata mi."

"Kata," nikamwambia. "Akiuliza, sema ni Alima."

"Hapana, mama mudogo," Asma alisema. "Akiuliza ni mi. Jean de Dieu, kata."

Alikata. Cheche zilinyesha juu ya meza, nikavua kitenge changu cha juu nikafunika vitambaa vyeupe. Kizimba cha kwanza kilipodondoka, simu ya Asma ililia jumbe zote za msibani kwa mpigo. Vingine vikafuata. Tulivibeba uani tukaviacha karibu na jenereta, tukafagia, tukafungua madirisha harufu ya chuma itoke.

Bénédicte alikuja na wenzake wengi, kila mmoja na simu na kompyuta na tablette. Wakatawanyika ukumbini, barazani, kwenye korido. Akahesabu kwa vidole, wote wakafungua video mara moja. Kelele ilikuwa ya sokoni, lakini hakuna picha hata moja iliyosimama. Mmoja akatoka ukumbini hadi barazani akiendelea kuongea na mtu wa Kinshasa, na yule wa Kinshasa hakujua kwamba ameshahamishwa chumba.

Bénédicte alimpa Asma mkono. "Madame la gérante," akasema, "tuko pamoja. Semina ya kwanza ni mwezi unaokuja."

Ndiyo kwanza mtu amwite meneja. Asma aliinamisha kichwa ili tusione anavyocheka. Na hapo hapo shemeji akaingia kutoka msikitini.

Ni mtu wa adabu. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja, akawasindikiza hadi langoni, akawatakia safari njema. Kisha akarudi ukumbini, akatazama dari yenye alama za moto.

"Nani alikata?"

"Papa, contrat tumeipata. Bénédicte amesema..."

"Nimeuliza nani alikata."

"Ni mi."

Funguo zake hazikulia kabisa. "Nilikuwa nasali," akasema. "Mi niko nasali, na wewe unakata chuma ndani ya nyumba yangu. Mwizi mwenyewe angefanya tu vile."

"Mwizi angebeba, papa," Asma alisema. "Mi niliacha."

Nilitamani angelia. Nilitamani mimi ningempiga shemeji kwa mwiko, na hadi leo najuta mwiko ule ulikuwa mbali. Alisema mtu anayevunja hawezi kupewa nyumba ya kulinda. Alisema ahadi ya Idi ilikuwa ya mtoto mwenye kusikia. Jioni alimwita Ismael akampa funguo za mapokezi, za vyumba, za ukumbi. Ya chumvi hakumpa.

Asma hakubishana. Alikaa siku chache akamwonyesha Ismael kila waya, akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe: visahani vikifungwa tena, semina imekufa. Ismael akasema ndiyo. Kisha shemeji akamwambia Ismael amwite Jean de Dieu arudishe vizimba, viwe na wavu mara mbili. Ismael akasema ndiyo. Kijana yule angeweza kuishi maisha yake yote bila kuona kwamba kuna tatizo hapo.

Mama Laurence, mwenye nyumba ya wageni ya barabara ya pili kutoka kwetu, alisikia kwamba Asma hana kazi. Himbi haina siri. Alimchukua siku ileile. Asma alipakia begi lake mwenyewe, akamuaga baba yake mlangoni, naye akamwambia aangalie njiani kuna wezi.

Semina ikafika. Nilikuwa nimeamka mapema, nimekaanga sambaza, nimepika sombe na wali wa nazi kwa watu sitini, chumvi nimeipigania kama haki yangu. Watu wakaketi, wakawasha tablette zao. Wakazizima, wakaziwasha. Mmoja akainuka akaenda dirishani. Wengine wakatoka barazani, kisha bustanini, kisha langoni, wakizunguka kama kuku wanaotafuta mahali pa kutaga. Mwisho mwalimu wao alibaki peke yake ukumbini, akiwaeleza viti umuhimu wa kushirikiana.

Bénédicte alikuja kwa shemeji. "Papa Mahamudi, siku ile tulipima, ilikuwa inatembea muzuri. Nini ilibadilika?"

"Hakuna," shemeji alisema kwa fahari. "Tuliongeza tu usalama."

Kabla ya adhuhuri walikuwa wameondoka, wote, kwa miguu, na mabegi yao, hadi barabara ya pili kwa Mama Laurence. Huko Asma alikuwa ameweka visahani, wala hakuvifungia kizimbani. Chakula changu kilibaki. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya masufuria yale nikalia kwa hasira, na sioni haya kusema.

Miezi ikapita. Dada yangu alirudi kutoka Bukavu, akasikia yote, na tangu hapo alimjibu mumewe neno moja moja. Ismael alipata kazi ya tai kubwa zaidi kwingine akaenda. Ukumbi ulibaki mtupu. Shemeji alikonda. Jina la Asma hakulitaja, lakini kila akitoka alikuwa na sababu ya kupitia barabara ya pili, hata akienda upande mwingine kabisa. Alikuwa akipunguza mwendo mbele ya lango lile. Nilimwona mwenyewe. Nikaanza kumhurumia, jambo ambalo sikulipanga.

Asubuhi moja Jean de Dieu akaingia uani. Hatimaye, nikasema, mzee amesikia. Nikaweka chai. Nikasubiri jikoni nisikie mashine ya kukata.

Sikusikia mashine. Nilisikia harufu.

Nilienda ukumbini. Jean de Dieu alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, uso wake ukiniomba nisimuulize lolote. Vizimba vyote vilikuwa vyeupe, vinameta, rangi ileile ya dari.

"Shemeji," Mahamudi aliniambia. "Nenda kwa Asma. Mwambie arudi. Mwambie nyumba ni yake, funguo zote, hata ya chumvi. Mwambie nimetengeneza."

Nilikodi pikipiki mpaka barabara ya pili, mwendo ambao hata mbuzi angeumaliza kwa miguu, kwa sababu niliogopa mzee atabadilisha mawazo kabla sijafika. Asma alikuwa mapokezi, wageni wawili mbele yake. Alipoona uso wangu akawaomba wangoje. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa, wote, na funguo zote.

Macho yake yalijaa palepale. "Amekata vizimba?"

"Amevipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe. Ili vifanane na dari."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka naye, kisha nikaona kwamba ni mimi peke yangu ninayecheka. Alijifuta kwa kiganja.

"Mama mudogo, mwambie papa namupenda. Mwambie hapana."

Nilirudi kwa miguu, polepole. Nilimkuta amesimama katikati ya ukumbi, kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, shingo imeinuka. Nikamwambia mtoto anampenda, lakini amekataa. Alisogea hadi chini ya kizimba kimoja, akakitazama.

"Ni rangi njo hakupenda?" akaniuliza.